Usingoje Tingatinga: Bandari Huanza Kwenye Karatasi



Juzi nilikuwa hapa Kola sokoni, nimeketi nje ya kibanda cha chai, naangalia ramani ya bandari kwenye simu. Kijana mmoja wa bodaboda akachungulia. "Hiyo nayo ni nini?" Nikamwambia ni michoro ya wahandisi: gati itajengwa hapa, bahari itachimbwa pale. Akacheka. "Sasa bandari inatuhusu nini sisi watu wa milimani? Si huko ni kwa watu wa pwani na samaki wao?"

Kibanda kizima kilicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lile nililibeba hadi nyumbani, maana nimelisikia mara nyingi, na mara nyingine limetoka kwa nyinyi mnaosoma ukurasa huu. Leo nalijibu. Na nikishalijibu nitakulaumu kidogo, wewe na mimi pamoja, kwa hivyo jiandae.

Kwanza geuka uangalie lile duka nyuma yako. Mbolea. Mchele wa Pakistan. Simu unayosomea maneno haya. Tairi la pikipiki na petroli iliyo ndani ya tangi lake. Shati la mitumba ulilovaa. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 41 za mizigo, na makontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha kontena la futi 20. Kipande cha mzigo huo kiko Kola leo. Kikichelewa Kilindini, bei inapanda hapa. Kikitozwa zaidi kule, wewe ndiye unayelipa huku.

Na uhusiano huu haukuanza juzi. Kabla ya reli, Wakamba walishuka Mombasa kwa misafara ya pembe za ndovu. Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara aliyekuwa na misafara yake mwenyewe hadi pwani. Watu wa huku walijua bei za Mombasa zamani sana, kabla ya Nairobi kuwa na jina kwenye ramani ya mtu yeyote.

Kisha ikaja kalamu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Wakati huo Machakos ilikuwa tayari kituo cha utawala wa Waingereza huku bara. Ungedhani reli ingepita hapo. Haikupita. Mstari ulichorwa kupitia nyanda za Athi, Machakos ikaachwa kando. Mwaka 1899 reli ikafika mahali pa majimaji palipoitwa Nairobi, na mwaka uo huo makao ya mkoa wa Ukamba yakahamishwa kutoka Machakos kwenda huko. Hakukupiganwa vita. Hakuna aliyeulizwa. Ulikuwa mstari tu, kwenye karatasi, mezani kwa mhandisi. Na wewe unayepanda matatu alfajiri kwenda Nairobi kutafuta kibarua, unaufuata mstari ule hadi leo.

Basi hili ndilo jambo moja ninalotaka uondoke nalo: dhulma ya mradi mkubwa haianzi siku tingatinga linapofika. Inaanza siku mstari unapochorwa, kwenye karatasi ambayo hukuiona. Ukingoja tingatinga, umechelewa.

BANDARI INA MKIA MREFU

Kwenye ramani, bandari ni kipande kidogo cha ufuo. Lakini mkia wake ni bomba, reli na barabara, na mkia huo unapita Ukambani.

Uliza watu wa Thange, kule Kibwezi, kaunti jirani ya Makueni. Mwaka 2015 bomba la mafuta linalotoka Mombasa lilivuja kwao. Mafuta yakaingia ardhini, yakaingia kwenye maji waliyokunywa wao na mifugo wao. Hawakuwa wavuvi wale. Hawakuwa na gati wala mashua. Walikuwa wakulima ambao mstari wa bomba ulipita karibu na mashamba yao. Miaka mingi wamezunguka na madai ya fidia.

Uliza madereva wa malori. SGR ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, imejengwa kwa mkopo mkubwa kutoka China. Mkopo unataka kulipwa, na reli haiwezi kulipa bila mzigo. Kwa hivyo mwaka 2019 likatoka agizo: makontena yanayokuja Nairobi na bara yapakiwe kwenye treni, yakafanyiwe forodha Embakasi. Mombasa wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa sababu bohari za makontena, gereji na hoteli zilikuwa zinakufa. Lakini si Mombasa peke yake. Barabara nzima ya kuja bara inaishi kwa lori: Mtito Andei, Emali, hadi Mlolongo ndani ya kaunti yetu hii. Mama anayeuza ugali kando ya barabara hakuandikiwa barua na mtu. Aliona tu sufuria haiishi.

Novemba 2020 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo lile. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto akatangaza forodha irudi Mombasa. Yote hayo yalitokana na swali moja la kwenye mchoro: kontena lishukie wapi? Ukilisikia unadhani ni swali la kreni. Kumbe ni swali la nani ale na nani alale njaa.

LAMU MOJA, KARATASI MBILI

Sasa nikupeleke Lamu, maana huko kuna funzo ambalo kila kijana wa ukurasa huu anafaa kulijua kwa tarehe zake.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, kwenye ghuba ya Manda. Mchoro ulionyesha gati 32. Tatu za kwanza zijengwe mara moja, mita 400 kila moja, na bahari ichimbwe hadi kina cha mita 17.5 ili meli kubwa ziingie. Tathmini ya mazingira ilifanywa kwa gati tatu tu. Gati nyingine 29, reli, bomba, barabara na mji mzima uliochorwa nyuma yake havikuwa na tathmini ya jumla kabla ya kazi kuanza. Yaani umeonyeshwa kidole, mkono umefichwa nyuma ya mgongo.

Mwaka uo huo wakaazi wakaenda mahakamani. Si wanasiasa wakubwa. Wavuvi, wazee, watu wa Lamu wenye vikundi vyao. Kesi ikachukua miaka sita. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, majaji wanne, ikawapa haki: haki yao ya kupata habari ilivunjwa, haki ya mazingira safi ilivunjwa, haki ya utamaduni wao ilivunjwa, haki ya uvuvi wao wa jadi ilivunjwa. Serikali ikaamriwa kulipa zaidi ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

Alhamdulillah, sivyo? Ngoja kwanza. Katika ile miaka sita mitambo ya kuchimba bahari haikungoja majaji. Mikoko ilikatwa. Maji yalichafuka kwa matope. Kisha ikaja rufaa, kisha mazungumzo ya namna ya kulipa. Mei 2021 gati ya kwanza ikafunguliwa kwa sherehe, huku wavuvi bado wanadai haki yao. Walishinda kesi, bahari ikaenda. Fidia inaweza kulipia nyavu. Hairudishi mahali samaki walipokuwa wakizaliana.

Sasa shika karatasi ya pili. Lamu ile ile, watu wale wale. Kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, megawati 1,050, si mbali na bandari hiyo. Septemba 2016 NEMA ikatoa leseni. Sheria inasema asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku 60. Novemba mwaka uo huo wakaazi wakawasilisha rufaa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, lile linaloitwa NET. Hawakungoja nguzo ya kwanza isimame. Juni 2019 jopo likafuta leseni, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Benki nazo zikajiondoa. Kiwanda hakikujengwa.

Unaona tofauti? Ushujaa ulikuwa sawa, na hata hoja zilifanana: mazingira, uvuvi, kushirikishwa. Kilichotofautiana ni kwamba mradi mmoja ulikamatwa ukiwa bado karatasi, na mwingine ulifukuzwa ukiwa tayari na miguu.

Ndiyo maana nilisema nitakulaumu. Tukiona video ya tingatinga likibomoa nyumba, sisi wa kwanza: alama ya machozi, alama ya ngumi, "share mpaka iwafikie". Siku ile notisi ya mradi ilipochapishwa gazetini, herufi ndogo kama chawa, ikisema maoni yapelekwe kabla ya tarehe fulani, tulikuwa wapi? Tulikuwa hapa hapa kwenye simu. Hatukuipa hata like moja. Hasira yetu ina kasi, lakini siku zote inafika baada ya kazi kuisha.

ETI NI MAMBO YA WATAALAMU

Kuna watu wanapenda tubaki hivyo. Ukiuliza juu ya michoro utaambiwa: "Haya ni mambo ya kitaalamu, mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa." Neno hili limefunga midomo mingi kuliko rungu la askari.

Sikatai utaalamu. Mhandisi amesoma, na gati isiyo na mhandisi itaanguka na watu juu yake. Hesabu za nguzo na uzito wa kreni mwachie. Lakini mchoro wa bandari una maswali ya aina mbili. Lipo swali la "itasimama?" Hilo ni la mhandisi. Na lipo swali la "itasimama juu ya nani?" Hilo halina digrii. Hilo ni lako, ni la mama wa mtaani, ni la mvuvi.

Tena usifikiri mhandisi ndiye peke yake anayeijua bahari. Kwenye ramani yake bahari ni uwazi mtupu wenye namba za kina. Mvuvi ana jina kwa kila mwamba. Anajua mkondo unageuka lini, samaki gani huja na kusi na gani huja na kaskazi. Wavuvi wa Lamu walisimama mbele ya majaji na elimu hiyo, na majaji waliikubali. Basi aliyesoma ni nani na asiyesoma ni nani?

Wapo pia watakaosema: "Nyinyi mnapinga maendeleo. Vijana hawana kazi, nyinyi mnalia na mikoko." Jibu hili ulihifadhi: hatupingi bandari. Kola hii ninapoandika inaishi kwa bandari, nimekuonyesha dukani. Mombasa iliongeza gati 20 na 21 mwaka 2016, ikaongeza ya 22 mwaka 2022, na bila nafasi hiyo foleni ya meli ingekuwa ndefu zaidi na mbolea ingekuwa ghali zaidi. Gati ijengwe. Tunachopinga ni gati inayochorwa juu ya mtu kana kwamba hayupo. Na kama kweli mradi ni mzuri, unaogopa nini kuonyeshwa mchana?

JINSI YA KUSOMA MCHORO

Haya, tuache maneno, tushike kazi. Ukipata mchoro wa mradi wa bandari, au mradi wowote mkubwa, angalia mambo haya. Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji macho na subira.

1. Mstari wa mpaka. Kwa kawaida ni mstari mzito unaozunguka eneo la mradi. Fungua ramani ya setilaiti ya mahali hapo hapo, uziweke pamoja. Ndani ya mstari kuna mapaa ya nyumba? Kuna makaburi, msikiti, kisima, njia ya kuendea ufuoni? Kwenye mchoro vipo, au kumechorwa peupe? Pakiwa peupe, mtu ameshafutwa.

2. Namba za kina. Tafuta kina cha sasa na kina kitakachochimbwa. Ondoa kimoja kwenye kingine. Tuseme ni mita 5 zaidi, kwenye eneo la kilomita moja ya mraba. Hiyo ni mita milioni 5 za ujazo za matope na mchanga. Wewe wa Machakos unalijua lori la mchanga. Likibeba mita 10 kwa safari, hizo ni safari laki tano. Sasa uliza swali ambalo wenye mradi hawapendi kuulizwa: tope lote hilo linakwenda kumwagwa wapi?

3. Mahali pa kumwaga. Mara nyingi hapako kwenye mchoro mkuu. Patakuwa kwenye karatasi nyingine, kiambatisho cha mwisho. Huko ndiko matumbawe hufunikwa.

4. Njia ya meli. Meli kubwa haiwezi kukwepa mtumbwi. Kwa hivyo njia yake ikishachorwa, pande zake hufungwa kwa ajili ya usalama. Je, mashua ndogo zitapita wapi? Wanafunzi, wagonjwa na wafanyabiashara wanaovuka kila siku wana njia yao kwenye mchoro, au nao hawapo?

5. Mistari ya nukta. Hii ndiyo hatari kuliko zote. Mstari uliokolea ni cha sasa, mstari wa nukta ni awamu ijayo. Hapo ndipo gati 3 hugeuka gati 32. Ukiuliza, utaambiwa, "Hiyo bado, ni ya baadaye." Mjibu: ikiwa ni ya baadaye, kwa nini ardhi yake inachukuliwa leo?

6. Mkia. Fuata barabara, reli na bomba mpaka ukingo wa karatasi, zinapokatika. Karatasi imeisha, mradi haujaisha. Labda mbele yake kuna Thange nyingine.

7. Tarehe na namba ya toleo, kwenye kona ya chini. Mchoro huchorwa upya mara nyingi. Hakikisha ulichoonyeshwa kwenye mkutano ndicho kilichopelekwa kuombewa leseni. Piga picha ile kona, weka.

DAFTARI LA MAHUDHURIO

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapouzwa bila kujua.

Unaalikwa mkutano wa "kushirikisha umma". Unafika, kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna soda. Mtu anazungumza saa mbili kwa Kiingereza na picha za rangi. Maswali matatu yanachukuliwa, moja la mheshimiwa, moja la chifu, moja la mtu aliyepangwa. Kisha daftari linapita: jina, namba ya kitambulisho, sahihi, na nauli ya kurudi nyumbani. Miezi sita baadaye sahihi yako iko ndani ya ripoti, ukurasa wa nyuma, chini ya kichwa kinachosema wakaazi walishirikishwa.

Ndugu, dada: kuhudhuria si kuridhia. Hata kwenye ile kesi ya makaa ya mawe, jopo lilikataa mikutano ya kujuana ihesabiwe kuwa ushirikishwaji, ilhali ripoti yenyewe ya tathmini ilikuwa haijawafikia watu. Kwa hivyo ukisaini, andika kando ya jina lako: "Nimehudhuria, sijaonyeshwa mchoro." Maneno matatu tu. Uliza kwa sauti: ripoti iko wapi, na iko kwa Kiswahili? Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, kifungu cha 7 cha Katiba kinasema hivyo. Mtu hawezi kusema alikuuliza kwa lugha usiyoielewa. Na rekodi mkutano kwenye simu. Simu ile ile tunayotumia kucheka, siku hiyo iwe shahidi.

Na wazee wetu, viongozi wetu wa jamii, mtusamehe tukisema haya: mkialikwa hotelini kwa niaba yetu, mrudi na karatasi. Bahasha hatuihitaji. Mliyoyasikia huko ni amana ya watu, si siri ya kikao.

BARUA MOJA, SIKU 21

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari ikaweka muda: ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili. Unaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ukitaka: naomba mchoro wa eneo la mradi fulani, ripoti ya tathmini ya mazingira, na masharti ya leseni. Unaweka tarehe. Nakala moja inagongwa muhuri wa kupokelewa, unabaki nayo.

Usidharau barua. Mikataba ya SGR ilifichwa miaka na miaka. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliiomba, wakanyimwa, wakaenda mahakamani Mombasa, na Mei 2022 mahakama ikaamuru itolewe. Novemba mwaka huo serikali ikaweka sehemu ya nyaraka hadharani. Ilianza na ombi la maandishi. Aliyeandika ana ushahidi kwamba aliuliza. Aliyelalamika kibandani ana chai tu.

Notisi nazo zifuatilieni. Ripoti ya tathmini ikipelekwa NEMA, hutangazwa kwenye gazeti la serikali na magazeti ya kawaida, na kwa kawaida umma hupewa siku 30 kutoa maoni. Mmoja wenu kwenye kila kundi la WhatsApp apewe kazi hiyo moja: kila wiki aangalie notisi, apige picha, atume, aandike chini yake mradi uko wapi na siku ya mwisho ni ipi. Kazi hiyo haina sherehe, na hakuna atakayekupigia makofi. Lakini ndiyo inayookoa nyumba kabla haijawekewa alama ya X.

SASA JIBU LA YULE KIJANA

Narudi Kola, kwenye kibanda cha chai. Bandari inatuhusu nini sisi watu wa milimani?

Kaka, Katiba imeshakujibu. Kifungu cha 70 kinasema mtu akiona haki ya mazingira safi inavunjwa au inatishiwa, anaweza kwenda mahakamani, na si lazima aonyeshe kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia. Maana yake huhitaji kuwa mvuvi. Huhitaji kuwa na nyumba ufuoni. Huhitaji kungoja aumie kwanza. "Inatishiwa" inatosha. Sheria yenyewe inakuruhusu kuja mapema. Ni sisi tuliojizoesha kuja kuzika.

Na sisi wa Machakos, kuliko watu wengi, hatuna udhuru wa kusema hatujui. Mji wetu uliachwa kando na mstari wa kalamu miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na hakuna aliyekuwepo mezani kusema neno. Wale wa wakati ule hawakuwa na Katiba wala kifungu cha 35, na mchoro hawakuweza kuuona mkononi. Wewe unavyo vyote hivyo, na bando la siku moja.

Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Chagua mradi mmoja tu, wa bandari au wa mkia wake: barabara, bomba, reli, bohari. Tafuta mchoro wake. Usipoupata, andika barua, hesabu siku 21 kuanzia siku ya muhuri. Ukiupata, kaa na wenzako watatu, pitieni yale mambo saba, kisha mtuletee hapa mlichokiona. Tutasaidiana kukisoma.

Mstari uliochorwa kwa penseli hufutwa kwa kifutio. Ukishamwagiwa zege, utahitaji majaji wanne na miaka sita, na hata hapo bahari haitarudi.

Wassalaam. Mpelekee mwenzako mmoja asiyependa kusoma maneno mengi. Umsomee.